Homa Imekwisha, Kazi Ndiyo Inaanza

Mtoto anapotoka hospitali akiwa hai baada ya malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo, nyumba nzima hufurahi. Majirani huja kumpa mama pole na kumshukuru Mungu pamoja naye. Lakini wageni wakishaondoka, pengine mama hubaki na mtoto ambaye si yule aliyempeleka hospitali. Alikuwa akikimbia uwanjani, sasa hawezi hata kukaa. Alikuwa na maneno mengi, sasa hatamki lolote. Mkono mmoja umekunja ngumi, na shingo imelegea kama ya mtoto mchanga.

Mama huyo huambiwa mambo mengi. Mmoja humwambia mtoto amerogwa. Mwingine humwambia avumilie tu, ndivyo alivyopangiwa. Ni wachache wanaomwambia jambo analohitaji kulisikia: kwamba matibabu ya mtoto wake hayajakwisha, kwamba sehemu kubwa iliyobaki itafanyika nyumbani kwake, na kwamba asichelewe kuianza. Ndilo tunalotaka kulisema katika makala haya.

Siku 29 za mama wa Rujewa

Tumfikirie mama wa Rujewa, makao makuu ya wilaya ya Mbarali. Hatumtaji jina, maana mama wa namna hii ni wengi. Mkoa wa Mbeya unajulikana kwa milima na baridi, lakini Rujewa ipo chini, katika bonde la Usangu, penye joto. Bonde hilo hutupatia mchele mwingi. Mashamba ya mpunga huhitaji maji, na maji yakituama mbu huzaliana. Hivyo neema ile ile inayojaza ghala huleta pia homa.

Hospitali ya wilaya ipo papo hapo Rujewa, na hospitali ya misheni ipo Chimala, kwenye barabara kuu iendayo Mbeya. Kwa mtoto mwenye homa kali, msaada hauko mbali sana. Lakini wataalamu wa kuwazoeza watoto viungo ni wachache katika nchi yetu, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ipo Mbeya mjini, zaidi ya kilometa 100 kutoka Rujewa. Kwenda na kurudi katika basi lililojaa, na mtoto asiyeshika shingo, ni kazi ya siku nzima na ni nauli ya watu wazima wawili ikiwa mama atahitaji wa kumsaidia. Wakati wa kupandikiza mpunga hakuna hata wa kumwachia shamba.

Basi mama huyo akifika Mbeya mara moja kwa mwezi, amejitahidi sana. Lakini mwezi una siku 30. Siku moja ni ya mtaalamu. Siku 29 ni za mama. Na mwili wa mtoto hujifunza kwa kurudia kila siku, si kwa kutembelewa mara moja.

Kichwani kumetokea nini?

Katika malaria kali, chembe za damu zenye vijidudu hunasa katika mishipa midogo ya ubongo na kuziba njia. Mtoto hupata degedege, hupoteza fahamu, na sehemu fulani za ubongo hukosa hewa na chakula. Homa ya uti wa mgongo nayo huharibu kwa njia yake: ngozi nyembamba zinazoufunika ubongo huvimba, na mara nyingi masikio ndiyo yanayoumia.

Katika sehemu nyingi za nchi yetu, degedege limehesabiwa kuwa ugonjwa wa peke yake, usiohusiana na malaria. Uchunguzi uliofanywa wilayani Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulieleza jinsi wazazi wengi walivyompeleka mtoto wa degedege kwa mganga wa jadi kwanza. Saa zinazopotea huko ndizo saa ambazo ubongo unaumia. Mtoto mwenye degedege apelekwe hospitali mara moja.

Waliopona nao wahitaji kuangaliwa. Watafiti waliofuatilia watoto waliougua malaria ya kichwani mjini Kampala, Uganda, walitangaza mwaka 2008 kwamba miaka miwili baada ya ugonjwa, karibu mtoto mmoja kati ya wanne bado alikuwa na upungufu wa kufahamu, kukumbuka au kutulia katika jambo. Wengine walionekana wazima kabisa machoni. Kwa hiyo mtoto anayeshindwa masomo baada ya ugonjwa kama huu asiitwe mvivu wala asipigwe. Mwalimu aelezwe aliyoyapitia.

Hata hivyo ipo habari njema. Ubongo wa mtoto mdogo bado unakua, na sehemu nzima zaweza kujifunza baadhi ya kazi za zile zilizoumia. Mtoto aliyepooza upande mmoja, au aliyeacha kuona baada ya malaria, mara nyingi hupata nafuu katika miezi michache ya mwanzo. Ndiyo sababu miezi hiyo ni ya thamani. Mkono usiotumika hukaza, mguu usionyoshwa hujikunja, na baada ya muda misuli hufupika kabisa. Hapo kazi ya kuurudisha mwili huwa ngumu mara nyingi zaidi.

Kazi za nyumbani ndizo mazoezi

Mama asidhani kwamba anahitaji chumba chenye mitambo. David Werner, Mmarekani aliyefanya kazi miaka mingi na wanavijiji wa Mexico, aliandika mwaka 1987 kitabu kikubwa kuhusu watoto walemavu vijijini. Alionyesha kwamba viti, fimbo za kutembelea na vyuma vya mazoezi vyaweza kutengenezwa kwa miti, mianzi na kamba. Haya ndiyo mambo ambayo mama anaweza kuyafanya, baada ya mtaalamu kumwona mtoto na kumwonyesha yanayomfaa:

Kumlaza na kumgeuza. Mtoto asilale chali siku nzima. Ageuzwe kila baada ya saa mbili au zaidi kidogo, mara ubavu huu, mara ule, mara kifudifudi akiwa macho na mama akimwangalia. Kifudifudi humfundisha kuinua kichwa.

Kumlisha. Asilishwe amelala kamwe, maana chakula kitaingia mapafuni. Akalishwe wima, kidevu kikiinama kidogo. Uji uwe mzito kidogo, kijiko kiwe kidogo, na angojwe ameze kabla ya kupewa tena. Karanga zilizosagwa na mafuta kidogo vitaupa uji nguvu, kwa sababu mtoto anayemeza kwa shida hukonda upesi.

Kumkalisha. Pembe ya ukuta, ukiwa umeweka mto kila upande, ni kiti kizuri. Ndoo kubwa iliyokatwa upande mmoja na kuzungushiwa nguo nayo yafaa. Mtoto aliyekaa huona watu, na anayeona watu hutaka kuwafikia.

Kumnyosha. Mikono na miguu inyoshwe polepole, ikishikiliwa kwa muda wa kuhesabu hadi 20 au 30. Asivutwe kwa nguvu. Kumkanda mpaka alie si dawa. Mtoto anayelia hukakamaa zaidi. Wala asichanjwe chale au kuchomwa.

Kumbeba. Hapa bibi zetu walikuwa na hekima. Mtoto ambaye miguu yake hukaza na kupishana kama mkasi husaidiwa sana akibebwa mgongoni au kiunoni kwa khanga, miguu ikiwa imetanuliwa. Mama hufanya mazoezi hayo huku akienda sokoni. Lakini mtoto ambaye shingo yake bado haishiki ategemezwe kichwa.

Kuzungumza naye. Mama anapopeta mchele amwambie, "Huu ni ungo, huu ni mchele." Ampe punje azishike. Ikiwa aliugua homa ya uti wa mgongo, apimwe masikio mapema. Mtoto asiyesikia huweza kudhaniwa kuwa hana akili.

Na neno moja la tahadhari. Baadhi ya watoto hupata kifafa miezi kadhaa baada ya ugonjwa. Dawa yake hunywewa kila siku, na isikatishwe ghafla bila daktari kusema, hata kama mtoto anaonekana amepona.

Basi la kwenda Nashville

Kuna mama mmoja wa Marekani ambaye safari zake zafanana na za mama wa Rujewa. Aliitwa Blanche Rudolph, mfanyakazi wa ndani katika nyumba za watu huko Clarksville, jimbo la Tennessee. Binti yake Wilma, aliyezaliwa mwaka 1940, alipata polio akiwa bado mdogo, na mguu wake wa kushoto ukadhoofika. Siku hizo watu weusi walibaguliwa hata katika matibabu, na hospitali iliyowapokea ilikuwa Nashville, mwendo wa kilometa 80 hivi. Mama alimpeleka kwa basi kila wiki, akaendelea hivyo kwa miaka miwili.

Lakini siri haikuwa basi peke yake. Wauguzi walimfundisha mama kuukanda ule mguu, naye akawafundisha watoto wake wakubwa. Wakawa wanapokezana kuukanda mara kadhaa kwa siku. Wilma alivaa chuma mguuni kwa miaka mingi, kisha akakivua. Mwaka 1960, katika michezo ya Olimpiki ya Roma, alishinda medali tatu za dhahabu za mbio.

Hatusemi kwamba kila mtoto wa Usangu atakimbia Olimpiki. Polio haiumizi kama malaria ya kichwani inavyoumiza, na wapo watoto ambao, pamoja na jitihada zote, watabaki na ulemavu. Kwa hao ushindi utakuwa wa namna nyingine: kukaa bila kushikwa, kujilisha kwa mkono wake, kusema kwamba anataka kwenda haja. Mama anayejua kazi ya kumnawisha na kumlisha mtoto wa miaka saba hawezi kuudharau ushindi huo.

Mzigo si wa mama peke yake

Watoto wa Blanche walishika zamu. Je, nyumbani kwetu zamu ni za nani? Mara nyingi mama hufanya yote, na juu yake huongezewa lawama kana kwamba ameleta mkosi katika ukoo. Baba aweza kuchonga kiti na kufunga mianzi miwili uani ili mtoto ajifunze kusimama akiishika. Kaka na dada waweza kucheza naye mchezo wa kurusha mpira wa matambara. Bibi aweza kumlisha.

Na sisi akina mama wa kanisani tufanye nini? Tunapomtembelea mwenzetu, maombi yetu yafuatwe na mikono. Wawili wachukue zamu ya kupalilia shamba lake siku anapokwenda Mbeya. Mwingine amkalie mtoto Jumapili ili mama apate kusali, au wote wawili waje kanisani na wapewe nafasi bila kutazamwa. Kikundi chenye mfuko mdogo chaweza kuchangia nauli.

Mama aulize pia hospitali ya wilaya mahali panapotolewa huduma za utengamao. Kutoka Rujewa si lazima kutazama Mbeya tu. Huko Wanging'ombe, mkoani Njombe, kipo kituo cha Inuka kinachoshughulika na kazi hiyo. Na anapokutana na mtaalamu, aombe mambo mawili: aonyeshwe zoezi kwa vitendo, kisha alifanye yeye mwenyewe mbele ya mtaalamu mpaka aambiwe ni sawa. Akirudi nyumbani bila hayo, amerudi na karatasi tu.

Pia aweke alama. Aandike katika daftari tarehe mtoto alipoinua kichwa, alipoishika kijiko, alipocheka. Maendeleo ya watoto hawa ni ya polepole, na anayemwona mtoto kila siku huweza asiyatambue. Siku moyo unapovunjika, afungue daftari hilo asome alipotoka mtoto wake.