Mwulize fundi: Diski imebaki milimita ngapi?

Ukitoka Shinyanga mjini kuelekea Tinde unapita Samuye. Lami imenyooka na sehemu kubwa ya njia ni tambarare. Katika barabara ya namna hii, gari lenye breki dhaifu linaweza kubeba baba, mama na watoto kwa miezi mingi bila mtu kushtuka, kwa sababu dereva huachia mafuta mapema na gari hupunguza mwendo lenyewe.

Udhaifu huo hujitokeza siku mtoto anapokatiza barabara ghafla karibu na shule. Au siku familia inaporudi kutoka Dodoma na Singida, gari limejaa watu na mizigo, na mbele yao kuna mteremko wa Sekenke.

Magari mengi ya familia kanda hii ni Toyota za zamani: IST, Spacio, Noah, Probox. Baadhi yana zaidi ya miaka 20 tangu yatoke kiwandani Japani. Asubuhi hupeleka watoto shule, mchana mengine hugeuka mchomoko wa kwenda Kahama au Tinde, na Jumapili hupeleka familia kanisani. Ni magari mazuri na spea zake zinapatikana. Tatizo ni kwamba breki zake hubadilishwa kwa kubahatisha: chochote kinachoingia kwenye nafasi kinafungwa.

Fikiria hesabu hii. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Hizo zinapita kabla hata mguu haujagusa pedali. Breki nzuri kwenye lami kavu zinahitaji mita nyingine kama 14 kulisimamisha. Nguvu ya breki ikipungua nusu, mita hizo 14 zinakuwa 28. Tofauti hiyo ni zaidi ya urefu wa magari matatu madogo yaliyopangwa mstari mmoja.

Pedi mpya, diski iliyokwisha

Magari madogo mengi ya umri huo yana diski mbele na dramu nyuma. Ukikanyaga breki, kalipa inabana diski kwa pedi mbili, moja kila upande. Gari likifunga breki uzito hukimbilia mbele, kwa hiyo diski za mbele ndizo zinazobeba kazi kubwa.

Pedi, au bleki padi kama mafundi wengi wanavyoziita, imeumbwa iishe. Ikiwa mpya, sehemu inayosugua huwa na unene wa milimita 10 hivi. Ikibaki milimita 3, nunua nyingine. Usisubiri chuma kisugue chuma, maana hapo pedi itachimba diski, na kilichokuwa gharama ya pedi peke yake kitakuwa gharama ya pedi na diski. Wahenga walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Diski nayo inaisha, ila polepole, na hapa ndipo wazazi wengi hawaulizi. Kwenye ukingo wake au sehemu yake ya katikati kwa kawaida kumeandikwa au kugongwa herufi MIN TH na namba. Huo ndio unene wa mwisho unaoruhusiwa. Kwa magari mengi madogo, tofauti kati ya diski mpya na diski iliyofika mwisho ni milimita 2 tu. Macho hayawezi kuona tofauti hiyo. Fundi anatakiwa kupima kwa maikromita, tena sehemu kadhaa za diski, si sehemu moja.

Diski iliyopungua kupita kiasi hupata joto upesi, hupinda, na inaweza kupasuka. Ukifunga pedi mpya juu yake, gari litasimama vizuri kwa siku chache na wewe utaamini kazi imekwisha.

Kama diski ina mikwaruzo au usukani unatetemeka ukifunga breki, inaweza kukerezwa, lakini kwa sharti moja: baada ya kukerezwa ibaki juu ya ile namba ya MIN TH. Fundi akikuambia, "Tunaikereza tu, mama," mwulize, "Itabaki milimita ngapi, kaka?" Kama hana jibu, diski haijapimwa.

Nenda dukani na namba ya gari

"Naomba pedi za Noah" si maelezo ya kutosha. Noah ya SR40 na Noah ya AZR60 ni magari mawili tofauti, ingawa wote tunayaita Noah. IST ya injini ya 1.3 ni NCP60, ya 1.5 ni NCP61, na ile inayosukuma magurudumu yote manne ni NCP65. Namba hii ndiyo mwanzo wa namba ya chasisi. Itafute kwenye kadi ya gari au kwenye kibati kilichopo chini ya boneti. Ipige picha ibaki kwenye simu yako.

Piga picha pia ya pedi ya zamani ikiwa imetolewa, mbele na nyuma. Ukiagiza spea kutoka Mwanza au Kariakoo ije kwa basi, picha hizo mbili zitakuokoa na mzigo usiolingana. Na fundi akianza kusaga pedi kwa jiwe ili iingie kwenye kalipa, msimamishe. Kusaga ni dalili kwamba pedi hiyo si ya gari lako.

Orijino, mtumba na feki

Neno "orijino" halitoshi, kwa sababu majina makubwa ndiyo yanayoigwa. Kampuni kama Advics na Akebono hutengeneza breki za magari yanayotoka viwandani Japani, na boksi lenye jina kama hilo huuzika haraka. Soma kilichoandikwa kwenye pedi yenyewe, usiishie kwenye boksi.

Pedi nyingi nzuri zina herufi mbili za msuguano nyuma au ubavuni, kama FF au GG. Herufi ya kwanza inaonyesha uwezo wa kushika zikiwa na joto la kawaida, ya pili zikiwa na joto kali. E iko chini ya F, na F iko chini ya G. Kwa gari la familia FF inatosha. Pedi zilizokidhi kanuni ya Ulaya huwa na alama ya E kwenye duara na maandishi ya 90R. Kanuni hiyo inataka pedi mbadala isipishane kwa zaidi ya asilimia 15 na uwezo wa ile iliyokuja na gari.

Pedi isiyo na namba wala jina la mtengenezaji, yenye kingo zinazomeguka kwa kucha au sehemu ya kusugua iliyoachana na bati lake, irudishe. Dai risiti ya EFD, kwa sababu bila hiyo huna cha kushika ukirudi dukani. Bidhaa bandia huripotiwa kwa Tume ya Ushindani, FCC, na zenye ubora hafifu kwa TBS.

Vipi mtumba? Pedi zilizotumika usinunue kabisa, maana hujui zimewahi kupata joto kiasi gani wala kama zimelowa mafuta. Diski za mtumba zinaweza kufaa kama zote mbili zimetoka kwenye gari moja, hazina nyufa, na zikipimwa zimebaki mbali na MIN TH. Zikiwa karibu na mwisho, hiyo bei rahisi utailipa mara mbili.

Simama karibu na fundi

Pedi hubadilishwa pande zote mbili kwa pamoja, na diski vivyo hivyo. Ukibadilisha upande mmoja, gari litavuta upande ukifunga breki.

Kwa barabara zetu za vumbi la kiangazi na tope la masika, pini za kalipa hukwama. Ukiona pedi moja imeisha na mwenzake wa gurudumu lile lile bado nene, hiyo ndiyo sababu. Pini zisafishwe na zipakwe grisi maalumu ya breki. Diski mpya nayo huja na mafuta ya kuzuia kutu, ni lazima yafutwe kabla ya kufungwa.

Vumbi la breki lisipulizwe kwa upepo wa kompresa wala kufagiwa kavu, hasa kama watoto wako karibu. Baadhi ya pedi, hasa za zamani, zina asbesto, ambayo Shirika la Afya Duniani linasema husababisha saratani. Tambaa bichi linatosha.

Uliza pia umri wa mafuta ya breki. Hunyonya unyevu wa hewa, na yakishakuwa na maji huchemka mapema, pedali ikazama hadi chini ukiwa mteremkoni. Yabadilishwe kila baada ya miaka 2 kwa DOT 3 au DOT 4, kama kifuniko cha chupa yake kinavyoelekeza. Mafuta ya injini yasiwekwe humo hata kidogo, yanaharibu mipira ya breki. Maji ya sabuni nayo si mbadala.

Kazi ikiisha, kanyaga pedali mara kadhaa gari likiwa limesimama mpaka iwe ngumu. Kisha, kwenye barabara isiyo na watu, punguza mwendo kutoka 50 hadi 10 mara 8 hadi 10, ukipumzisha breki kati ya mara moja na nyingine. Hapo pedi na diski zinazoeana.

Fedha ikiwa haitoshi

Anza na pedi zinazolingana na gari, pande zote mbili za mbele, pamoja na mafuta ya breki. Diski zenye matundu, pedi za bei ya juu kabisa na jina la kifahari unaweza kuviacha, gari la familia halivihitaji. Mwambie fundi afungue na dramu za nyuma aangalie, kazi hiyo ni ndogo gari likiwa tayari limeinuliwa.

Lakini diski ikiwa chini ya MIN TH, usinunue pedi kwanza ukisubiri fedha ya diski. Gari lipumzike. Watoto waende shule kwa njia nyingine wiki hiyo au mbili, na safari ya Singida isogezwe mbele.

Siku ya kuteremka Sekenke ikifika, weka gia ndogo tangu juu, kabla mteremko haujakolea, ili injini isaidie kushika gari. Breki mpya nazo huchoka zikikanyagwa mfululizo mpaka chini.