Istilahi za Jikoni: "Kuchemsha" Si Neno la Kila Chungu

Aghalabu istilahi hudhaniwa kuwa ni mali ya maabara, mahakama na ofisi. Jiko husahauliwa, ilhali nalo ni karakana yenye vyombo na taratibu zake, na kila utaratibu una jina. Tulikumbushwa jambo hili tulipohudhuria darasa la upishi jijini Dar es Salaam. Tulikuwa watu 12, wapishi wa nyumbani tu, tuliokusanyika kujifunza wali wa nazi na mchuzi wa samaki.

Tuligawiwa karatasi ya maelezo iliyofasiriwa kutoka lugha ya kigeni. Humo neno "chemsha" lilitumika kwa kila kilichohitaji maji na moto: chemsha muhogo, chemsha mchele, chemsha tui. Nasi tukafuata maandishi. Tukamimina tui lote, tukafunika, tukachochea moto. Tui likakatika, yaani mafuta yake yakaachana na maji, na mchuzi ukaharibika. Bibi mmoja miongoni mwetu akachungulia sufuria, akasema: "Mwalimu, mwanangu, tui halipikwi hivyo. Huanzwa na jepesi. Kasimile hutiwa mwisho, nalo hukorogwa bila kuachwa."

Maneno hayo machache yalibeba maarifa ambayo karatasi nzima haikuwa nayo. Kasimile ni tui zito la kwanza, likamuliwalo kabla nazi iliyokunwa haijatiwa maji. Tui jepesi hupatikana kwa kutia maji katika nazi ileile na kuikamua tena. Kinachobaki ni chicha.

Vivyo hivyo kwa vitenzi. Kuchemsha, kwa maana yake ya msingi, ni kukitia moto kitu cha majimaji, kama maji au maziwa, mpaka kitoe mapovu. Kutokosa ni kuivisha kitu kigumu ndani ya maji, kama muhogo. Kupalia ni kuweka makaa juu ya kifuniko cha chungu maji ya wali yanapokauka, ili wali uive juu na chini. Kubanika ni kuivisha samaki au nyama kwa joto la makaa, aghalabu katika kijiti. Kuunga ni kukoleza mboga au mchuzi kwa viungo, mafuta au tui. Anayeyaita yote haya "kupika" au "kuchemsha" hakosei sarufi. Hukosesha watu chakula.

Hatusemi kwamba kukopa ni kosa. Sufuria na hamira ni maneno yenye asili ya Kiarabu, chapati ina asili ya Kihindi, na yote leo ni Kiswahili. Lakini mkopo huziba pengo, na hapa pengo halikuwapo. Lililokosekana ni mfasiri kuwauliza wenye kazi kabla ya kushika kalamu. Kuuliza si ujinga.

Tulipika mara ya pili kwa maelekezo ya bibi, na mchuzi ukakubali. Mwalimu naye alichukua kalamu, akasahihisha karatasi yake. Tunawaomba wasomaji wafanye kama alivyofanya: wakusanye maneno ya majikoni kwao, pamoja na maana zake kamili, kabla wenye maneno hayo hawajatutoka.