Yafahamu Matishari: Kamba Isiyoonekana na Shehena Isiyotulia

Abiria anayevuka Likoni kwa feri hugeuza shingo meli kubwa inapoingia Kilindini. Ni wachache wanaotazama chombo kingine kinachopita polepole nyuma ya boti dogo la kuvuta: bapa, hakina mlingoti, hakina chumba cha nahodha, na mara nyingine hakina hata mtu mmoja juu yake. Hilo ni tishari. Kwa macho ni sanduku la chuma linaloelea tu. Hata hivyo, kazi nyingi za bandarini na baharini hazifanyiki bila chombo hicho, na kwa wavuvi kinahitaji kueleweka pengine kuliko meli yenyewe.

Jina lake si geni pwani. Kabla ya gati za kwanza za kina kirefu za Kilindini kuanza kutumika mwaka 1926, meli zilitia nanga katikati ya maji na shehena yake ikashushwa ndani ya matishari ili ifikishwe nchi kavu. Gati zilipopatikana kazi hiyo ilipungua, lakini tishari halikustaafu. Lilibadilika kuwa sakafu ya kufanyia kazi mahali pasipo na ardhi.

Sababu ni umbo lake. Kwa kuwa ni bapa na pana, linaweza kubeba kreni, vyuma na mashine nzito, na bado likapita penye maji machache ambapo meli ingekwama. Miundo iliyosimama ndani ya maji, kama kituo kipya cha mafuta cha Kipevu chenye gati 4 kilichofunguliwa Agosti 2022, ni ya aina inayohitaji vyombo kama hivi: nguzo hupigwa kutoka juu ya tishari, zege huletwa kwa tishari, na mafundi hushinda juu ya tishari. Lipo lenye miguu mirefu ya chuma ambayo huteremshwa hadi sakafu ya bahari, kisha chombo kizima kikajinyanyua juu ya mawimbi na kusimama kama meza. Lipo la kulaza mabomba, ambapo vipande huchomelewa kimoja baada ya kingine sitahani huku bomba likishuka taratibu nyuma. Lingine hubeba mchanga uliochimbwa ili kuongeza kina cha bandari, na tumbo lake hufunguka chini kuumwaga.

Wengi huchanganya matishari na meli za kuchimba visima vya mafuta kwenye kina kirefu. Hizo zina injini zake na hujishikilia mahali pamoja bila nanga. Tishari kwa kawaida hutegemea nanga, na hapo ndipo mvuvi anapoingia katika habari hii.

Tishari la kazi linaweza kushikwa na nanga nne, sita au nane zilizotandazwa pande zote, kila moja ikiwa na waya wa chuma unaoenda mamia ya mita. Kinachoonekana juu ni maboya tu. Wavu ukitegwa kati ya maboya hayo na tishari, hunasa, na waya ukikazwa na winchi wavu hauokoki. Kazi yenyewe pia hugusa riziki. Uchimbaji wa sakafu ya bahari huchafua maji na kufunika nyasi na matumbawe ambako samaki hulelewa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kuwa wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe Sh1.76 bilioni kwa athari za ujenzi wa bandari yao. Kwa hiyo mvuvi anayeuliza mapema tishari litakaa wapi na kwa muda gani hasumbui mtu. Anauliza jambo lake, na vikundi vya usimamizi wa fuo (BMU) ndiyo mahali pa kuliulizia.

Hatari kubwa zaidi ni tishari linapovutwa. Kati ya boti la kuvuta na tishari kuna waya, na waya huo ni mzito kiasi kwamba katikati huzama na kujificha. Mtu aliye kwenye ngalawa huona boti limepita, huona tishari liko mbali, na kudhani kuna njia katikati. Wimbi likiinua vyombo hivyo, waya hukazika ghafla na kupanda juu ya maji. Mashua iliyo juu yake hupinduliwa au kukatwa. Na hata nahodha wa boti la kuvuta akimwona mvuvi na kuzima injini, tishari halina breki. Litaendelea kuja kwa uzito wake wote. Njia ni moja tu: pita nyuma ya tishari, mbali, au subiri.

Usiku, sheria za kimataifa za kuzuia migongano baharini husaidia anayezijua. Boti linalovuta huwasha taa nyeupe mbili zilizopangana wima, moja juu ya nyingine. Msururu ukizidi mita 200 kutoka nyuma ya boti hadi mwisho wa tishari, taa hizo huwa tatu. Ukiwa nyuma ya boti hilo utaona taa ya njano juu ya nyeupe. Tishari lenyewe huwa na taa za ubavuni na ya nyuma tu, ambazo huwa hafifu. Mchana, msururu mrefu huonyesha umbo jeusi la almasi. Chombo kinachochimba sakafu ya bahari huonyesha upande wenye kizuizi kwa taa mbili nyekundu na upande wa kupita kwa taa mbili za kijani. Mchana, mipira miwili myeusi huwa upande wa kizuizi na almasi mbili upande wa kupita. Taa tatu za nyekundu, nyeupe, nyekundu zikiwa wima maana yake ni kwamba chombo hakiwezi kukupisha.

Hayo ni ya nje. Ndani ya tishari kuna hatari nyingine ikiwa limebeba kemikali au mafuta bila kufungashwa, yakiwa yamemiminwa moja kwa moja kwenye matangi. Usafiri huo ni wa kawaida kwenye mito mikubwa kama Rhine ya Ulaya na Mississippi ya Marekani, kwa sababu tishari moja hubeba mzigo wa malori mengi. Hapa nchini, gati la mafuta la Kisumu lilikamilishwa mwaka 2018 ili mafuta yavuke Ziwa Victoria kwa chombo badala ya barabara.

Tatizo la shehena ya maji ni kwamba haitulii. Kila aliyesukuma mkokoteni wenye pipa la maji lililojaa nusu anajua: ukikata kona, maji hukimbilia upande ulioinama na kuuvuta zaidi. Pipa lililojaa pomoni halifanyi hivyo. Chombo chenye matangi yaliyojaa nusu hupoteza uthabiti kwa namna hiyo hiyo, ndiyo maana matangi hugawanywa kwa kuta na mpangilio wa upakiaji hupigiwa hesabu kabla ya safari.

Asidi ya salfuriki hufanya hesabu hiyo kuwa ngumu. Lita moja ya asidi kali ina uzito wa karibu kilo 1.8, hivyo chombo hufikia uzito wake kabla matangi hayajajaa. Tarehe 13 Januari 2011, chombo cha mtoni kilichoitwa Waldhof kilipinduka kwenye mto Rhine karibu na mwamba wa Loreley, Ujerumani, kikiwa na takriban tani 2,400 za asidi hiyo. Mabaharia walikuwa wanne, na wawili tu ndio waliopona. Wachunguzi walibaini kuwa kwa jinsi shehena ilivyopakiwa, uthabiti wa chombo haukutosha. Mto ulifungwa kwa siku nyingi na mamia ya vyombo yakabaki yakingoja.

Kisha lilizuka jambo ambalo mtu wa kawaida hangelitarajia. Asidi kali kabisa hailili chuma cha tangi kwa haraka, lakini ikichanganyika na maji hugeuka kukila na kutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Maji ya mto yalikuwa yameingia. Waokoaji hawakuweza kukata wala kuchomelea bila woga, na mwishowe sehemu ya asidi iliachiliwa mtoni polepole ili ipoteze ukali ndani ya maji mengi. Chombo kiliinuliwa mwezi uliofuata.

Ndiyo maana mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi kutoka melini, MARPOL, una kiambatisho kizima kuhusu kemikali zinazomiminwa matangini. Jambo linaloshangaza ni kwamba mafuta ya mawese, yale yanayoletwa Mombasa kwa wingi kutengeneza mafuta ya kupikia na sabuni, nayo yamo kwenye orodha hiyo. Yakimwagika hugandamana na kuziba pumzi ya viumbe wa fuo. Meli iliyobeba shehena hatari ikiwa bandarini hupandisha bendera nyekundu, na nahodha wa mashua ya uvuvi anayeiona hana sababu ya kuisogelea akiwa na jiko la makaa au sigara.

Usimamizi wa meli za kitaifa na kimataifa si kazi ya kaunti. Lakini Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti zimamoto na udhibiti wa majanga, kwa hiyo shehena ikivuja ufuoni au kwenye mtaa ulio jirani na bandari, gari linalofika ni la kaunti. Wazimamoto huuliza swali moja kwanza: ni kitu gani? Petroli hailengwi maji ya bomba, kwa kuwa huelea juu yake na moto husambaa. Asidi kali ikimwagiwa maji kidogo huchemka na kuruka.

Mkazi anaweza kusaidia kujibu swali hilo. Kutoka bandarini kemikali huendelea na safari kwa malori, na kibao cha hatari kwenye tangi huwa na namba ya tarakimu nne inayotambulika duniani kote: 1203 ni petroli, 1830 ni asidi ya salfuriki, 1824 ni magadi makali yaliyoyeyushwa. Anayeona uvujaji asogee upande upepo unakotoka, asikinge chochote kwa ndoo wala mtungi (Sachangwan, Januari 2009, zaidi ya watu 100 walikufa wakichota petroli), apige 999 au 112, na aisome namba hiyo akiwa mbali. Kwa pipa lisilojulikana lililosukumwa ufuoni na mawimbi, utaratibu ni huo huo: lisiguswe, lisifunguliwe, watoto waondolewe, na BMU au chifu aarifiwe siku hiyo hiyo.