Msuli Ukivutika, Usikimbilie Kuuchua

(MUZIKI WA KIPINDI, sekunde 10, kisha unashuka)

MTANGAZAJI: Umeinua jerikani ya maji, au umekimbilia mpira, mara unasikia kitu kimevutika mgongoni au pajani. Ndiyo habari yetu ya leo.

Msuli una nyuzi nyingi, kama kamba. Ukivutwa kupita uwezo wake, baadhi ya nyuzi hukatika. Damu huvuja ndani, pahali panauma na kuvimba. Hii si kuteguka. Kinachoteguka ni kiungo, kama kifundo cha mguu.

Nyumbani tumezoea nini? Maji ya moto, mafuta, na bibi mwenye mikono ya nguvu. Bibi zetu tunawaheshimu. Lakini siku mbili tatu za kwanza, joto na kuchua huongeza uvimbe. Tuwaombe wasubiri.

Fanya hivi. Kwanza, acha kazi iliyokuumiza. Pili, weka baridi. Barafu hatuna, lakini maji ya mtungi yapo: lowesha kitambaa, weka dakika 15 hadi 20, urudie mara kadhaa kwa siku. Tatu, funga kwa kipande cha kitenge. Vidole vikifa ganzi, legeza. Nne, ukilala, inua mguu juu ya nguo zilizokunjwa.

(MUZIKI, sekunde 5)

MTANGAZAJI: Mimi mwenyewe niliumia paja uwanjani. Siku ya nne maumivu yakapungua, nikarudi kucheza. Dakika chache tu, paja likavutika tena, vibaya kuliko mwanzo. Nilichechemea zaidi ya mwezi. Maumivu kupungua si kupona. Jeraha dogo huweza kuchukua wiki mbili au tatu. Anza kwa kutembea polepole, kisha ongeza kazi kidogo kidogo.

Najua mama mmoja ananisikiliza akisema, “Mwanangu, nikipumzika, nani atachota maji?” Ni kweli, mama. Ndiyo maana leo nasema pia na baba, na vijana, na majirani. Jerikani ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Mwenye mgongo mbovu mchotee wiki hizi mbili. Hiyo nayo ni dawa.

Nenda kituo cha afya haraka ikiwa ulisikia mlio wa kukatika, huwezi kukanyaga, au kiungo kimepinda. Tena usingoje hata kesho kama mgongo unauma huku miguu inalegea au mkojo hautoki.

Na kuzuia? Kabla ya jembe au mpira, tembea haraka na kunyoosha viungo dakika 10. Ukiinua mzigo, piga magoti, uweke karibu na mwili, usijipinde huku umeubeba. Ukiweza, beba jerikani mbili za lita 10, moja kila mkono, badala ya moja ya lita 20.

Jirani yako akichechemea leo, muulize maji yake yamechotwa na nani.

(MUZIKI WA KUFUNGA)