Deni la Daktari Lilipwe na Nani?

Huko Marekani kuna ubishi ambao sisi wenye watoto shuleni yafaa tuusikie. Kijana akitaka kuwa daktari, mara nyingi hukopa fedha za masomo, na wengi humaliza wakiwa na deni la dola 200,000 hivi. Je, mtu huyo, ambaye baadaye atapata mshahara mnono, asamehewe?

Sheria ya mwaka 2007 yasema hivi: mwenye mkopo wa serikali akifanya kazi serikalini au katika shirika lisilotafuta faida, akalipa mara 120, mwezi kwa mwezi, deni lililobaki hufutwa. Ukubwa wa mshahara hauulizwi. Mwalimu na muuguzi hufaidika, na hapo sina neno. Lakini hospitali nyingi za Marekani, hata zile kubwa za mjini zenye fedha tele, ni za mashirika ya namna hiyo. Daktari akihitimu hukaa miaka mitatu hata saba akijizoeza kazi kwa mshahara wa kiasi, akilipa kidogo kidogo kwa kadiri ya mapato yake, na miezi ile yote huweza kuhesabiwa. Akijizoeza miaka sita, amebakiza minne tu ya kulipa kwa mshahara mkubwa. Kisha hazina ya watu wote, pamoja na kodi ya seremala na dereva wasiokanyaga chuo kikuu, hubeba mzigo uliobaki.

Mwaka 2022 Rais Biden alitaka kuwasamehe wakopaji dola 10,000, wengine hata 20,000, ila mtu mmoja mwenye mapato ya dola 125,000 kwa mwaka au zaidi hakumo. Juni 2023 Mahakama ya Juu ikautangua mpango huo, kwa kuwa sheria haikuipa serikali uwezo huo. Basi kipimo cha mapato kikaanguka pamoja nao. Ile sheria ya 2007 isiyo na kipimo ikabaki.

Madaktari hujibu kwamba walimaliza ujana wao vitabuni huku wenzao wakipokea mshahara. Ni kweli. Lakini upo mpango mwingine wa serikali ileile, uitwao National Health Service Corps, ambao humlipia deni daktari anayekubali kutumikia walau miaka miwili mahali palipopungukiwa na waganga. Huyo hata mimi ningemchangia. Akiondoka yeye, mama mwenye uchungu atasafiri mbali kutafuta msaada. Akiondoka yule wa mjini, hospitali yake itatangaza nafasi, na wengi wataiomba.