Mdogo wangu haumwi

Mwezi uliopita nilikuwa Nangurukuru, pale njia panda, nasubiri gari la kuingia Kivinje. Nilikuwa na mdogo wangu. Ana miaka 34, mfupi, macho yamevutwa pembeni kidogo, na akicheka ulimi unatoka. Konda akanigeukia mimi: "Kaka, huyu mgonjwa wako akae mbele au nyuma?" Kabla sijafungua mdomo, mdogo wangu akamjibu mwenyewe: "Siumwi mimi."

Gari zima likacheka, na mimi nikacheka. Lakini ndugu wasomaji, kwa maneno mawili yale alikuwa amesema jambo ambalo watu wazima na elimu zao, makarani, walimu, hata baadhi ya wahudumu wa afya, bado linawapiga chenga.

Hebu tulinyooshe. Huku mtaani kila kinachohusu akili tunakitupa kapu moja: chizi, mwehu, taahira, zezeta, "wa Mirembe". Wakati ugonjwa wa akili ni kitu kimoja na ulemavu wa akili ni kitu kingine kabisa. Mtu mwenye sonona au skizofrenia alikuwa anaendelea na maisha yake, ugonjwa ukampata. Anaweza kutibiwa kwa dawa na ushauri, akapata nafuu akarudi kazini. Hiyo ndiyo kazi ya hospitali ya Mirembe kule Dodoma. Mwenye ulemavu wa akili hajapatwa na ugonjwa ukubwani. Tangu utotoni ubongo wake unajifunza taratibu: kuongea, kuhesabu, kujitunza, kushika mambo yenye mafundo mengi. Hakuna kidonge cha kuiondoa hali hiyo. Anachohitaji ni kufundishwa kwa hatua ndogo ndogo, na mtu asiye na haraka. (Ndiyo, anaweza kuugua akili pia, kama mimi na wewe tunavyoweza kuugua. Hayo ni mengine.)

Hata sheria zetu zimetenganisha. Kuna Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, na kuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Kapu mbili!

Sasa inatokana na nini? Kivinje nilikokulia majibu yalikuwa matatu: jini, kurogwa, au mama mtu alifanya jambo. Mama yetu aliyabeba yote matatu, peke yake. Ukweli ni kwamba hali ya mdogo wangu inaitwa sindromu ya Down, kwa jina la daktari Mwingereza, John Langdon Down, aliyeieleza mwaka 1866. Mwaka 1959 Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake wakaonyesha chanzo chake: binadamu wengi wana kromosomu 46 katika kila chembe ya mwili, hawa wana 47, kwa sababu ile ya 21 zimekuwa tatu badala ya mbili. Hapo hakuna jini, ni hesabu.

Wengine hupata ulemavu huu kwa sababu ambazo zingeweza kuzuilika. Mtoto akichelewa kupumua wakati wa kuzaliwa, ubongo unakosa hewa. Malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, manjano kali ya kichanga isiyotibiwa, vyote vinaweza kuacha alama. Na kuna hili la chumvi, ambalo sisi wa pwani ya kusini linatuhusu sana. Mama mjamzito akikosa madini joto, ubongo wa mtoto hauumbiki sawasawa. Sisi wa Lindi na Mtwara tunavuna chumvi wenyewe baharini, tunaipima kwa kopo na kuila hivyo hivyo, na kwa miaka mingi mikoa yetu imekuwa nyuma katika matumizi ya chumvi iliyotiwa madini joto. Chumvi tunayojivunia! Tukifundishana hili kliniki za wajawazito, pale Kinyonga na kwenye zahanati zote, kuna watoto tutawaokoa.

Lakini waliokwisha kuzaliwa je? Hapa ndipo kuchanganya maneno kunapogharimu watu haki zao.

Lilipokuwa linaboreshwa daftari la wapiga kura kabla ya uchaguzi wa 2025, nilikwenda naye kwenye kituo kimoja. Aliyekuwa pale akamtazama usoni, akaniambia mimi: "Wagonjwa wa akili hawaruhusiwi, Katiba imesema." Nikarudi nyumbani nikaisoma hiyo Katiba. Ibara ya 5(2) inasema Bunge laweza kutunga sheria itakayomzuia raia asipige kura kwa sababu kadhaa, na mojawapo ni kuwa na ugonjwa wa akili. Ugonjwa, jamani. Haikusema ulemavu. Na hata huo ugonjwa, nani ameupima? Wenzetu Kenya, Katiba yao ya 2010 inamzuia kujiandikisha mtu ambaye ametangazwa kuwa hana akili timamu. Yaani lazima kuwe na kutangazwa. Kumtazama mtu macho yake ukaamua si uchunguzi.

Tena Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 12 inasema wao ni watu kamili mbele ya sheria, na ya 29 inasema wanashiriki siasa, wakihitaji wanasaidiwa kupiga kura na mtu waliyemchagua wenyewe. Mwaka 2014 kamati inayosimamia mkataba huo ikafafanua kwamba ulemavu, wa akili ukiwemo, usiwe sababu ya kumnyima mtu kura. Wapo watakaosema "lakini haelewi sera". Sawa. Hebu nitajie ni wangapi kwenye ule mstari waliulizwa sera.

Shule nayo ni hivyo hivyo. Sheria ya 2010 inataka mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida kama wenzake, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu. Mdogo wangu alizaliwa mapema mno, sheria hiyo haikumkuta. Alikaa nyumbani. Walimu wa elimu maalumu wanafundishwa, chuo cha Patandi kule Arusha ndiyo kazi yake, lakini kutoka Patandi hadi Kilwa ni mbali kwa kila maana.

Kuna jambo zito zaidi ambalo pwani tunalifunika kwa kanga. Msichana mwenye ulemavu wa akili anaharibiwa, familia mbili zinakaa barazani, yanaisha kimya kimya. Sababu inayotolewa: "Atasema nini mahakamani?" Sheria ya Ushahidi haimfungi mdomo mtu kwa kuwa ana ulemavu. Inachouliza ni kama anaelewa maswali na anaweza kuyajibu kwa mantiki. Na kwenye makosa ya kujamiiana mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa maneno ya aliyetendewa peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Mpelekeni polisi na hospitali kwanza. Baraza baadaye, au isiwepo kabisa.

Na kama mtaani kwenu yupo aliyefungiwa ndani, msianze kwa kumtukana mama yake. Mara nyingi yuko peke yake, ana shamba la ufuta, na hana wa kumwachia. Sheria ya 2010 inataka kamati ya watu wenye ulemavu kila kijiji na mtaa. Mwulizeni mwenyekiti wenu ya kwenu iko wapi.

Turudi kwa mdogo wangu. Akiwa na miaka 19 fundi mmoja wa majahazi alimchukua pwani. Hakumpa maelezo marefu. Alimwonyesha kusokota pamba, basi. Siku nyingi ni kusokota tu. Halafu kuipaka mafuta. Halafu kuishindilia kwenye maungo ya mbao. Ilichukua karibu mwaka, na leo akikalafati yeye maji hayapiti, wavuvi wenyewe wanamtaka. Yule fundi hakuwahi kufika chuo chochote, lakini hivyo ndivyo wataalamu wanavyofundisha.

Fundi amefariki. Siku hizi mdogo wangu anafanya kazi kwa mtu mwingine, simtaji. Wenzake wanalipwa fedha jioni. Yeye anapewa kitoweo, samaki wawili au watatu, na anapigwapigwa bega. Miaka minne sasa.

Safari hii nilikwenda naye kwa tajiri huyo. Nikamwamkia, tukaongea vizuri tu, nikamweleza kwamba kazi ni ile ile na saa ni zile zile. Akashangaa kweli, si kwa ubaya. "Sasa mwanangu, huyu nikimpa hela atazipeleka wapi?"

Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye gogo, anasokota pamba. "Dukani," akasema.