Sayansi ya Sauti katika Ukumbi wa Harusi

Kamati ya harusi inapoketi kupanga karamu, suala la muziki aghalabu huamuliwa kwa mambo mawili: upendeleo wa maharusi na uwezo wa mfuko. Liko jambo la tatu ambalo husahauliwa, nalo ni tabia ya sauti ndani ya ukumbi. Jambo hilo ndilo liamualo iwapo maneno ya mwimbaji yatasikika, iwapo wageni wataweza kuzungumza, na iwapo masikio yao yatarudi nyumbani salama.

Ukumbi na mwangwi

Tuchukue mfano wa taarabu, muziki uliokita mizizi katika harusi za pwani ya Afrika Mashariki. Udi, kanuni, fidla na nai huupamba, lakini kiini chake ni shairi. Msikilizaji akiyakosa maneno, ameikosa taarabu yenyewe. Katika ukumbi wenye kuta tupu za saruji, sauti hugonga kuta, dari na sakafu, ikarejea mara nyingi, hata silabi moja ikaifunika ile inayoifuata.

Mwanafizikia wa Marekani, Wallace Sabine, alianza kulichunguza tatizo hili katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1895. Alitambua kwamba muda wa sauti kufifia hutegemea ujazo wa ukumbi na uwezo wa vitu vilivyomo wa kuifyonza. Kanuni yake huandikwa hivi:

T = 0.16 V ÷ A

T ni muda kwa sekunde, V ni ujazo kwa mita za ujazo, na A ni eneo la ufyonzaji kwa mita za mraba. Tuseme ukumbi una ujazo wa 1,200 na ufyonzaji wa 64: sauti itachukua sekunde 3 kufifia. Wakiingia wageni 200, kila mmoja akifyonza takriban 0.4, ufyonzaji utafika 144, na muda utapungua hadi sekunde 1.3. Ndiyo maana mitambo iliyorekebishwa alasiri, ukumbi ukiwa mtupu, husikika vingine kabisa usiku.

Kwa hiyo, ukumbi wenye mwangwi mwingi hufaa nyimbo za mwendo wa taratibu na vyombo vichache. Nyimbo za kasi zenye vyombo vingi hufaa zaidi uwanjani, au katika ukumbi wenye mapazia mazito.

Wakati wa chakula

Mazungumzo ya kawaida, kwa umbali wa mita moja, hufikia desibeli 60 hivi. Muziki wa wakati wa chakula ukizidi kiwango hicho, wageni hulazimika kupaza sauti. Besi nzito huwasumbua zaidi, kwa kuwa sauti nene hufunika sauti nyembamba kwa urahisi, na konsonanti nyingi zimo katika sauti nyembamba.

Kuyalinda masikio

Ndani ya sikio zimo seli zenye vinyweleo ambazo huugeuza mtetemo kuwa ishara za neva. Seli hizo zikifa kwa wanadamu, hazioti tena. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu. Kwa desibeli 100, basi, muda uliobaki ni dakika 15 tu, ilhali karamu huendelea kwa saa nyingi.

Mahali pa wazi, umbali kutoka kwenye kipaza sauti ukiongezeka maradufu, sauti hupungua kwa desibeli 6. Ukumbini hupungua kwa kiasi kidogo kuliko hicho, kwa sababu ya mwangwi. Hata hivyo, meza za wazee na watoto hazifai kuwekwa mbele ya vipaza sauti.

Jaribio kwa wanafunzi

Pimeni urefu, upana na kimo cha ukumbi wa shule, kisha mtafute ujazo wake. Mmoja apige makofi mara moja ukumbi ukiwa mtupu, kisha ukiwa umejaa wanafunzi walio kimya. Linganisheni muda wa sauti kufifia. Je, ni wimbo wa aina gani mngeuchagua kwa kila hali, na kwa nini?